TAHARIRI: Jua haliwezi kuitwa mahakamani

Kuna hoja ambayo kila ikizikwa hufufuka. Ni ile isemayo kwamba joto hili linaloongezeka duniani limeletwa na jua lenyewe, na kwamba binadamu na viwanda vyake wanasingiziwa. Wasomaji wetu wa London, Toronto na Maskati huisikia kwa wanasiasa. Wasomaji wetu wa Unguja, Mombasa na Mwanza huisikia barazani, na mara nyingi hapo huwa imevishwa kanzu: jua ni la Mwenyezi Mungu, mvua ni yake, na binadamu ni nani hata awe na uwezo wa kuharibu majira ya mwaka? Septemba 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na kuliita suala zima la mabadiliko ya tabia nchi kuwa ni utapeli mkubwa kuliko wote uliopata kufanyiwa dunia. Ukubwa wa msemaji hauongezi uzito wa hoja, lakini unaongeza uzito wa matokeo yake, na kwa sababu hiyo tumeona leo tuichukue hoja ya jua, tuipime, kisha tuulize ni nani anayehitaji iwe ya kweli.

Tuseme kwanza jambo moja. Sisi tunaoandika ukurasa huu hatuishi ugenini kwa kupenda baridi. Tunajua ni nini mtu kuambiwa kwamba wengi wameshaamua, kwa hivyo yeye anyamaze. Kwa sababu hiyo hatutomtaka msomaji akubali kwamba binadamu ndiye mwenye kosa eti kwa kuwa wanasayansi walio wengi wamesema hivyo. Wengi wamewahi kukosea. Lakini vile vile mtu hawi mkweli kwa kuwa tu yuko peke yake na anapigiwa kelele, na hilo nalo tumelishuhudia zaidi ya mara moja katika siasa za uhamishoni. Mchache na mwingi wote wawili wapimwe kwa kipimo kimoja.

Tukishakubaliana juu ya hilo, tukiri kwamba hoja ya jua si ya kijinga, na kwetu Afrika Mashariki ina historia yake. Kima cha maji cha Ziwa Victoria kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu mwaka 1896. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Kiingereza, C.E.P. Brooks, alizichukua hesabu hizo akaziweka kando ya hesabu za madoa ya jua, yaani yale mabaka meusi yanayozidi na kupungua juu ya uso wa jua katika mzunguko wa miaka 11 hivi. Akakuta vitu viwili hivyo vinakwenda pamoja kama ng'ombe wa plau. Madoa yakizidi, ziwa linapanda. Yakipungua, ziwa linashuka. Mtu yeyote mwenye akili angeshawishika. Hapa palikuwa na ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika, na mto Nile unaotoka ndani yake, na juu angani palikuwa na saa inayoonesha lini maji yatajaa na lini yatapungua.

Saa ile ikasimama. Haukupita muongo mmoja baada ya Brooks kuandika, ulinganifu ule ukavunjika na ziwa likaanza kwenda njia yake. Kisha zikaja mvua za mwishoni mwa mwaka 1961, zile ambazo Kenya zinakumbukwa kwa jina la mafuriko ya Uhuru. Ziwa likapanda kwa zaidi ya mita mbili na kufika kilele chake mwezi Mei 1964. Na jua wakati huo lilikuwa wapi? Lilikuwa linashuka kuelekea bondeni, madoa yake yakiwa yamekaribia kwisha. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wa 1964 mzunguko ukafika chini kabisa. Rekodi hiyo ya 1964 ilidumu hadi Mei 2020, maji yalipopanda tena na kuipita, yakizivamia nyumba na bandari Uganda, Kenya na Tanzania. Na mara hii tena jua lilikuwa limelala, kwani bonde la mzunguko wake lilikuwa Desemba 2019. Mara mbili hizo, 1964 na 2020, ziwa lilifurika kuliko wakati wowote wa nyuma katika kumbukumbu zilizoandikwa, na mara zote mbili jua lilikuwa katika unyonge wake.

Kinachoeleweka leo ni kwamba mvua zile kubwa zaletwa na Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli hutuangukia kwa fujo, na hivyo ndivyo ilivyokuwa 1961 na ndivyo ilivyokuwa 2019. Tunaongeza, kwa ajili ya uadilifu, kwamba habari ya Brooks haikufa moja kwa moja. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililoongozwa na Mmarekani Curt Stager lilizirejea hesabu za ziwa na likaona kwamba vilele vya madoa ya jua vya karne ya 20 vilitanguliwa na vipindi vya mvua nyingi kwa mwaka mmoja hivi. Huenda jua lina mkono wake mdogo katika mvua zetu. Lakini huo ni mkono unaopanda na kushuka kila miaka 11, na sisi tunazungumzia joto ambalo halishuki.

Jua limeshafanya makubwa zaidi ya hayo. Jangwa la Sahara lilikuwa na maziwa, viboko na wafugaji wa ng'ombe miaka elfu sita iliyopita, na lilikauka kwa sababu dunia ilibadilisha taratibu namna inavyolielekea jua katika mzunguko wake. Baina ya 1645 na 1715 madoa ya jua yalikaribia kutoweka kabisa, na kipindi hicho kiliangukia ndani ya karne za baridi kali Ulaya. Hata katika ongezeko la joto la nusu ya mwanzo ya karne ya 20, jua linahesabiwa kuwa lilichangia. Hakuna mwanasayansi wa maana anayesema jua halina kazi. Suali ni moja tu: je, ndilo lililoleta joto la miaka hii hamsini?

Mwaka 1991 Wadenmark wawili, Eigil Friis-Christensen na Knud Lassen, walichapisha mchoro uliokwenda dunia nzima. Ulionesha mstari wa urefu wa mizunguko ya jua na mstari wa joto la nchi kavu za kaskazini mwa dunia, na mistari hiyo miwili ilifuatana kama kivuli na mwenyewe. Ni mchoro mzuri, na tunaelewa kwa nini watu waliupenda. Lakini wengine walipozirudia hesabu, miongoni mwao Peter Laut, naye Mdenmark, na Paul Damon wa Marekani, walikuta kwamba ncha ya mwisho ya mstari, ile iliyopanda juu pamoja na joto la miaka ya karibuni, ilitokana na makosa ya namna takwimu zilivyoshughulikiwa. Uchambuzi wao ulitoka mwaka 2004. Ukisahihisha, jua linabaki chini na joto linakwenda zake juu peke yake. Waingereza Mike Lockwood na mwenzake Mswisi Claus Fröhlich walimaliza kazi mwaka 2007 walipoonesha kwamba tangu katikati ya miaka ya 1980 kila kipimo cha jua kinachoweza kugusa tabia nchi kimekuwa kikielekea upande wa kupoza, wakati joto limekuwa likipanda.

Hilo halihitaji tena hata kukisiwa, kwani setilaiti zinalipima jua moja kwa moja tangu mwaka 1978. Nguvu yake inayotufikia juu ya anga ni karibu wati 1,361 kwa kila mita ya mraba, na tofauti baina ya kilele na bonde la mzunguko wake ni asilimia 0.1 tu. Mzunguko uliomalizika Desemba 2019 ulikuwa dhaifu kuliko yote ya miaka mia moja hivi. Na miaka kumi ya 2015 mpaka 2024 ilipomalizika, ndiyo iliyokuwa miaka kumi ya joto kuliko yote tangu vipimajoto vianze kuwekewa hesabu. Kilele cha jua kilichofuata, cha mwaka 2024, kilikuwa kidogo kuliko vilele vya miaka ya 1980 na 1990. Mshitakiwa alikuwa amelala siku ya wizi.

Wapo waliosema basi si mwangaza wa jua, ni miale inayotoka anga za mbali, ambayo jua huizuia au kuiachia, na miale hiyo ndiyo inayotengeneza mawingu. Mwenye fikra hiyo, Henrik Svensmark, hakupuuzwa. Maabara ya CERN pale Geneva ilitengeneza chumba maalumu cha kuijaribu, na majibu yakaja kwamba athari ipo ila ni ndogo mno kuweza kuendesha mambo. Kwa kweli hatujui ni nadharia ngapi za wachache zimewahi kutengenezewa maabara yao. Wapinzani wa nchi zetu wangefurahi kupewa hata ukumbi wa mkutano.

Upande wa pili wa kesi ni alama za vidole. Chukua mtu aliyelala. Akipata joto kwa sababu jiko limechochewa chumbani, chumba kizima kitapata joto pamoja naye. Akipata joto kwa sababu kaongezewa blanketi, joto linabaki chini ya blanketi na hewa ya chumbani inakosa sehemu yake. Sasa, lau ni jua lililozidi, tabaka za juu za hewa zingepata joto pamoja na za chini. Mwaka 1967, kabla hapajakuwa na setilaiti ya kupima jambo hili, Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikokotoa kwamba hewa ya ukaa ikizidi, chini kutapata joto na juu kutapoa. Vipimo vilipokuja vikaonesha hivyo hivyo: chini kunapata joto, juu kunapoa. Manabe alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Usiku nao umeongezeka joto kwa kasi kuliko mchana, na usiku, kama ajuavyo kila mtu, jua halipo.

Na hewa hiyo ya ukaa imetoka wapi? Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Charles Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii mwaka 1958 ilikuwa sehemu 315. Sasa imepita 420. Kaboni ya miti na wanyama wa leo ina chembe za aina moja inayooza na kwisha baada ya maelfu ya miaka, na ile ya makaa ya mawe na mafuta haina, kwa sababu imelala ardhini kwa mamilioni ya miaka. Hewani chembe hizo zimekuwa zikizimuliwa kwa namna ambayo ni kaboni ya zamani tu inayoweza kuzizimua. Volkano zote za dunia kwa mwaka hazifikii hata sehemu ya mia ya zinachotoa shughuli zetu. Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa liliweka hesabu mezani mwaka 2021: joto lililoongezwa na binadamu tangu nusu ya pili ya karne ya 19 hadi muongo wa 2010 ni karibu nyuzi 1.07 za Selsiasi. Sehemu ya jua na volkano kwa pamoja inazunguka kwenye sifuri.

Wala haya si mambo yaliyobuniwa juzi na wanaharakati. Mmarekani Eunice Foote alionesha mwaka 1856 kwamba chupa yenye hewa ya ukaa iliyowekwa juani hupata joto zaidi. Msweden Svante Arrhenius alikokotoa mwaka 1896 dunia itapata joto kiasi gani hewa hiyo ikiongezeka. Mwaka huo wa 1896 ndio ambao manowari za Kiingereza zilisimama mbele ya Forodhani na kuipiga mizinga kasri ya Mfalme wa Zanzibar kwa muda usiofika saa moja. Manowari hizo, bila shaka, zilikuwa zikichoma makaa ya mawe.

Pamoja na yote hayo hoja ya jua inaishi, na imeishi khasa kwa kututumia sisi Waafrika. Machi 2007 televisheni ya Channel 4 hapa Uingereza ilionesha filamu ya Martin Durkin iliyodai kwamba nadharia ya binadamu ni ulaghai na kwamba jua ndilo linaloendesha kila kitu. Mchoro wa Wadenmark ulikuwamo. Lakini sehemu ya mwisho ya filamu ilihamia Kenya. Ikaonesha zahanati ya kijijini yenye umeme wa paneli za jua usiotosha kuwasha taa na friji kwa wakati mmoja, na akahojiwa mwanauchumi Mkenya James Shikwati akisema kwamba wapo wanaotaka kuiua ndoto ya Afrika ya kuendelea. Ofcom, chombo kinachosimamia utangazaji hapa, kilitoa uamuzi wake Julai 2008. Kilisema filamu iliwatendea isivyo haki baadhi ya watu na taasisi zilizotajwa, na kwamba ilivunja kanuni ya kutoegemea upande. Sehemu iliyovunja kanuni hiyo ilikuwa ile ya mwisho, iliyohusu nchi maskini. Waafrika tulikuwa tumetiwa mwishoni kama chumvi, ili mtazamaji wa Kiingereza aone kwamba kuendelea kuchoma makaa ni kuwaonea huruma wagonjwa wa Kenya.

Hata hivyo tusimcheke Shikwati. Alikuwa na neno. Friji ile ilikuwa ya kweli, na dawa zilizoharibika ndani yake zingekuwa za kweli. Afrika inachangia asilimia 3 au 4 hivi ya hewa ya ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa kila mwaka, na bado mamia ya mamilioni ya watu wake wanalala gizani. Mzungu anayepanda ndege mara nne kwa mwaka na kisha kumhubiria mama wa Mtwara asipikie gesi iliyochimbwa nyuma ya nyumba yake anastahili kujibiwa kwa ukali. Tunakubali. Ila hoja hiyo ni ya haki ya nani achome na nani apunguze, na haina uhusiano wowote na madoa ya jua. Aliyezifunga pamoja alitaka ya pili ibebwe na ya kwanza. Tena wakati umewaumbua: bei ya paneli imeanguka kwa karibu asilimia 90 katika muongo mmoja wa 2010, na Kenya sasa inapata sehemu kubwa sana ya umeme wake kutoka katika mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Jua lile lile lililodaiwa kuwa ndilo linalotuchoma sasa linawasha friji.

Upande unaosema binadamu ndiye sababu nao umewahi kujidhuru wenyewe kwa haraka, na mfano tunao nyumbani. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipochorwa ramani mwaka 1912. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson walitabiri kwamba ingetoweka baina ya 2015 na 2020, na picha ya mlima ule ikawa nembo ya kampeni. Mwaka 2020 ulipofika, vipande vilikuwa bado vipo, na wapinzani wakapiga vigelegele. Wataalamu waliokwenda kukaa na vipimo kule kileleni, akina Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, walikuwa wameshaeleza kwamba kisa cha Kilimanjaro ni cha ukavu zaidi kuliko kuyeyuka. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 theluji na mawingu vilipungua mlimani, na barafu isiyofunikwa na theluji mpya hutafunwa na jua hata hewa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Basi pale kweli ni jua linalokula barafu, lakini ni jua la siku zote, lisilozidi nguvu. Lililobadilika ni mwavuli. Habari hii ilihitaji dakika tano za ziada kuelezwa, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuzitoa, wakosoaji wakapewa silaha ya bure.

Sasa tufike kwenye suali la nani anaihitaji hoja ya jua. Jua lina sifa moja ambayo hakuna mshitakiwa mwengine duniani aliye nayo. Haliwezi kuitwa mahakamani, halina akaunti benki, na halina bunge linaloweza kuulizwa. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ya ukaa yote iliyotokana na makaa, mafuta na gesi tangu mwanzo wa zama za viwanda. Afrika nzima imetoa karibu asilimia 3. Ikiwa binadamu ndiye sababu, hesabu hizo ni daftari la deni. Ikiwa ni jua, ni karatasi za kufungia kashata.

Na deni limeanza kudaiwa. Sharm el-Sheikh, Novemba 2022, nchi tajiri zilikubali baada ya miaka mingi ya kukataa kuwepo kwa mfuko wa hasara na maafa, na Dubai mwaka uliofuata mfuko huo ukaanzishwa kwa ahadi za mamia ya mamilioni ya dola, fedha ambazo ni ndogo ukizilinganisha na hasara ya ukame mmoja tu wa Pembe ya Afrika wa 2020 hadi 2023. Machi 2025 Marekani ikajitoa katika bodi ya mfuko. Julai 23, 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague, katika shauri lililochochewa na visiwa vidogo vya Vanuatu, ikatoa maoni yake kwamba dola zina wajibu wa kisheria wa kuilinda tabia nchi, na kwamba dola itakayovunja wajibu huo inaweza kudaiwa fidia. Miezi miwili baadaye ndipo ikatolewa ile hotuba ya utapeli pale New York. Hatusemi moja lilizaa jingine. Tunasema kwamba mtu anayekaribia kuletewa hati ya madai ana kila sababu ya kutamani kwamba kosa ni la jua.

Lakini hapa hatuwezi kunyamaza juu ya wakubwa wetu wenyewe, kwani nao wamegundua mchezo huu na wanaucheza kwa kugeuza kete. Kwao mshitakiwa asiyeitwa mahakamani ni mabadiliko ya tabia nchi yenyewe. Mtaro usiposafishwa miaka kumi na mtaa ukazama, ni tabia nchi. Kiwanja kikiuzwa katika njia ya maji, kikapimwa na kupewa hati, kisha nyumba ikachukuliwa, ni tabia nchi. Ziwa lile lile la Brooks lina ushahidi. Baina ya 2004 na 2006 kima chake kilianguka kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka themanini. Wavuvi wakavuta mashua kwenye matope, na maofisa wakanyoosha kidole juu: ukame. Ukame ulikuwapo. Lakini palikuwapo pia mabwawa mawili ya umeme pale Jinja, ambako kiasi cha maji ya kufunguliwa kinatakiwa kifuate mkataba uliowekwa tangu enzi za ukoloni, na uchambuzi wa mhandisi Daniel Kull wa mwaka 2006 ulionesha kwamba maji yaliyofunguliwa kupita kiwango cha mkataba yalibeba karibu nusu ya mporomoko ule au zaidi. Anga ilikuwa na kosa, na mtu mwenye funguo za milango ya bwawa alikuwa na kosa. Akatajwa mmoja.

Kwa hivyo tunapodai kwa sauti moja kwamba mataifa ya viwanda yalipe, tudai pia kwamba atakayepokea aonekane. Fedha ya mfuko itakayofika Dodoma, Nairobi au Zanzibar ikaishia kwenye semina na magari ya fahari haitopunguza joto la bahari hata kidogo. Na wasomaji wetu wa Ghuba watatuwia radhi tukiwaingiza ndani. Maskati ilipigwa na kimbunga Gonu Juni 2007, na mafuriko ya Oman ya Aprili 2024 yaliua watoto wa skuli ndani ya gari. Huko nako walipo jamaa zetu, riziki inatoka katika mapipa yale yale yanayolijaza daftari la deni. Hatuna jibu jepesi kwa ndugu aliye Ruwi anayemlipia mdogo wake ada kwa mshahara wa kampuni ya mafuta, wala hatutojifanya tunalo.

Tunalolijua ni nani anayelipa kwa sasa. Kilimo cha mwani kilianza mashariki ya Unguja mwaka 1989, na kwa miaka mingi wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani walikipata humo chakula, ada za skuli na mabati ya nyumba. Aina yenye bei nzuri, ile waiitayo kotoni, haistahamili maji ya moto. Bahari ya Hindi imekuwa ikipata joto kwa kasi, na kwenye maji mafupi ya ndani ya mwamba kotoni imekuwa ikigeuka nyeupe, ikilegea na kukatika kwenye kamba. Wengi wamebaki na ile ya bei ndogo. Waliotaka kuifuata kotoni wameambiwa waende maji makubwa, ambako panahitajika mashua, na kujua kuogelea, na akina mama wengi hawakupata kufundishwa kuogelea.

Serikali ya Zanzibar na ile ya Muungano zina wajumbe katika kila mkutano wa tabia nchi, na wajumbe hao hurudi na ripoti. Tunaziomba zichapishe, kwa Kiswahili, ni kiasi gani kimeombwa kwa ajili ya wakulima wa mwani, ni kiasi gani kimepatikana, na mashua ngapi zimenunuliwa. Tukipelekewa hesabu hizo tutazitoa katika ukurasa huu kama zilivyo.